Kama ini linaota tena likikatwa, mbona sirosisi inaua? Wajuzi wa maabara njooni hapa

Kichwa Ngumu
Wakuu habari zenu. Kuna swali linanisumbua toka mwaka juzi. Kila ukisoma unaambiwa ini linaota, ukikata theluthi mbili linarudi, mtu anamgawia mwenzake nusu na wote wanaishi. Sawa. Sasa mbona mwenye sirosisi anakufa? Kwanini ini lake lisiote tu kama hilo lililokatwa? Baba yangu mdogo aliondoka na ugonjwa huu, tumbo lilijaa maji, macho manjano, mwishoni akawa anachanganyikiwa hata sisi hatutambui, na daktari akatuambia ini limechoka. Limechokaje kiungo kinachoota? Msimamo wangu ni kwamba hii habari ya kuota imekuzwa. Mwenye hoja tofauti ailete, ila aje na ushahidi.

Mdau wa Seli
Pole sana mkuu kwa baba mdogo. Habari haijakuzwa, imefupishwa mno tu. Jaribio lenyewe ni la mwaka 1931, Higgins na Anderson, walichukua panya wakatoa vipande vikubwa vya ini, kama asilimia 70 hivi, wakaacha vile vidogo. Ndani ya siku saba mpaka kumi uzito wa ini ukawa umerudi. Jaribio hilo linafanywa mpaka leo, ukiingia maabara yoyote inayochunguza kuota kwa ini utalikuta. Ila kuna kitu watu hawakisemi: kipande kilichokatwa hakioti tena, hicho kimeenda moja kwa moja. Vilivyobaki ndio vinakua, seli zake zinagawanyika mpaka uzito ufikie kile mwili unachohitaji, kisha zinasimama zenyewe. Umbo la zamani halirudi. Na kubwa kuliko yote, yule panya ini lake lilikuwa ZIMA kabla ya kisu. Hana kovu, hana uvimbe wa ndani kwa ndani, hana virusi. Sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ni hali nyingine kabisa.

Pilipili Kavu
Nimekaa siti ya mbele, endeleeni.

Nesi wa Usiku
Mimi niko wodini miaka mingi na naomba niseme kitu kuhusu hilo neno la "kuchoka". Wagonjwa wengi wa sirosisi ninaowahudumia hawafi kwa sababu seli zimeisha. Wanakufa kwa kutapika damu, kwa maji ya tumboni kuingiwa na bakteria, kwa figo kugoma, kwa sumu kupanda kichwani. Sehemu kubwa ya hayo inaanzia kwenye presha. Ini linapata karibu robo tatu ya damu yake kupitia veini kubwa inayotoka kwenye utumbo, na ile damu inapita taratibu kwa presha ndogo sana. Sasa kovu likishajaa, damu inakuta njia imebana, presha inapanda, inaanza kutafuta njia za pembeni, hasa veini za koo la chakula, zinavimba, siku moja moja inapasuka. Na damu inayopita pembeni haijasafishwa, ndio maana mtu anachanganyikiwa. Kwahiyo Kichwa Ngumu, baba yako mdogo huenda alikuwa na seli nyingi tu zilizo hai, ila damu haizifikii inavyotakiwa.

Kichwa Ngumu
Asante Nesi, hiyo ya damu kupita pembeni sikuwahi kuelezwa na ingetusaidia sana kumuelewa wakati ule. Sasa kama kovu ndio tatizo, nani analitengeneza? Na kwanini mwili ujitengenezee kitu cha kuuziba?

Mdau wa Seli
Hapo ndio utamu wenyewe ulipo. Kuna seli zinaitwa stelati, zina mikono mikono kama nyota, zimekaa kwenye upenyo mwembamba kati ya seli kuu za ini na vimishipa vya damu. Kupffer aliziona toka 1876 akapaka rangi ya dhahabu, halafu kwa karibu miaka mia hakuna aliyekuwa na uhakika kazi yake ni nini. Ini likiwa zima zinatunza vitamini A, sehemu kubwa ya vitamini A ya mwili mzima iko humo, ndani ya vitone vya mafuta. Ini likijeruhiwa, seli zinazokufa na makrofeji (seli za kinga) zinazokuja kusafisha zinatoa ishara, kubwa ikiwa protini ya TGF-beta, na stelati inabadilika kabisa: inaachia vitamini A yake, inagawanyika, inajikaza kama msuli, inaanza kumwaga kolajeni, ile protini ya nyuzi inayojenga kovu. Mwaka 2013 kuna watafiti waliziwekea alama stelati za panya halafu wakawajeruhi maini kwa njia tofauti tofauti, sumu, kufunga mrija wa nyongo, mafuta, na kila mara zaidi ya asilimia 80 ya seli zilizokuwa zinatengeneza kovu zilikuwa ni hizo hizo stelati.

Swali la kwanini mwili ufanye hivyo: kwa jeraha la mara moja kovu ni msaada, linashikilia mahali pasiporomoke, halafu linayeyushwa. Shida inakuja jeraha lisipoisha. Virusi vipo miaka ishirini, au pombe kila siku, au mafuta. Kazi iliyotakiwa kuwa ya wiki inakuwa ya miaka.

Kinyonga77
@Mdau wa Seli umeeleza vizuri lakini unaegemea mno kwenye kovu. Kuna watu wanasema kovu ni shahidi tu aliyekutwa eneo la tukio, mhalifu ni seli zenyewe kuisha nguvu ya kugawanyika. Kwenye sirosisi ya binadamu telomea (ncha za kromosomu, zinafupika seli ikigawanyika) za hepatosaiti, yaani seli kuu za ini, zimefupika, hilo limepimwa 2002. Na kabla yake, mwaka 2000, panya waliokosa telomerezi, kimeng'enya kinachorefusha telomea, wakijeruhiwa ini wanapata sirosisi haraka, wakirudishiwa ile jeni ya telomerezi kwenye ini hali inapungua. Sasa hapo kovu limetangulia au kuchoka kwa seli ndio kumetangulia? Daktari aliyesema limechoka pengine alikuwa sahihi kuliko mnavyofikiri.

Mama Wawili
Samahani naingilia, mimi sio mtu wa sayansi ila yamenikuta. Nina homa ya ini B, nimegundulika wakati wa ujauzito wa pili. Nilipopimwa kwa mashine ya FibroScan nikaambiwa niko ngazi ya sirosisi, nililia. Nikaanzishwa tenofovir, dawa ya virusi, kidonge kimoja kila siku, sijaacha hata mara moja. Sasa hivi kipimo kimeshuka sana, daktari ananiambia naelekea kawaida. Swali langu, kovu limeyeyuka kweli au mashine inanidanganya?

Labu Man
Hongera sana dada kwa kutoacha dawa, hiyo peke yake ni kazi. Jibu la kweli ni mchanganyiko. FibroScan haioni kovu, inapima ugumu wa ini, inatuma mtikisiko na kuangalia unasafiri kwa kasi gani. Na ini linakuwa gumu kwa mambo mengi: kovu, uvimbe wa seli za kinga, damu kujaa kwenye ini kwa ajili ya moyo, hata ukiwa umetoka kula. Ukianza dawa ya virusi, uvimbe unashuka ndani ya miezi na kipimo kinashuka nao, kabla kovu halijaguswa. Kwahiyo ile shuka ya mwanzo mara nyingi ni uvimbe.

LAKINI kovu nalo linayeyuka, tena hilo limeonekana kwa nyama iliyokatwa kwenye ini, sio kwa mashine. Mwaka 2013 Marcellin na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 348 wa homa ya ini B waliokuwa kwenye tenofovir, wakachukuliwa biopsi mwanzo na baada ya miaka mitano. Kati yao 96 walianza wakiwa na sirosisi. Baada ya miaka mitano 71 kati ya hao 96 hawakuwa nayo tena. Asilimia 74. Zamani vitabu vyote vilisema sirosisi hairudi nyuma.

Mama Wawili
Labu Man ulianza kuninyang'anya furaha yangu ukanirudishia mwishoni, asante. Nitamuonyesha mume wangu hii namba ya 74.

Pilipili Kavu
Nusu post nzima nilikuwa nimeshika roho kwa ajili ya Mama Wawili.

Kichwa Ngumu
Sasa hapo mmenichanganya zaidi. Kama kovu linayeyuka kwa watu 71 kati ya 96, wale 25 waliobaki wana nini? Dawa ile ile, miaka ile ile.

Labu Man
Swali zuri. Kwenye ule utafiti waliobaki na sirosisi wengi walikuwa na uzito mkubwa, maana yake huenda walikuwa na mafuta kwenye ini juu ya virusi, jeraha la pili halijaondolewa. Hayo ni maelezo yanayokubalika kwa urahisi. Mengine ni umri wa kovu. Kolajeni ikikaa muda mrefu nyuzi zake zinafungwa pamoja kwa viunganishi vya kikemikali, inaingia na elastini, protini nyingine ya nyuzi, na kovu nene la zamani linabaki halina seli ndani, hata vimeng'enya vya kuyeyusha vinashindwa kupenya.

Kinyonga77
Hiyo ya viunganishi imeshajaribiwa na haikufua dafu. Kulikuwa na kingamwili ya simtuzumab, imetengenezwa kuzuia kimeng'enya cha LOXL2 kinachofunga hizo nyuzi. Kwa panya iliangaza matumaini. Kwa binadamu wenye kovu kubwa na sirosisi ya mafuta, hakuna tofauti na plasebo, yaani dawa tupu. Sasa kama nyuzi kufungwa ndio shida kuu, mbona kuzuia kufungwa hakukusaidia?

Mdau wa Seli
@Kinyonga77 hapo unaruka hatua. Kuzuia nyuzi mpya zisifungwe sio sawa na kufungua zilizokwisha kufungwa miaka kumi iliyopita. Jaribio lilithibitisha dawa ile haifanyi kazi, halikuthibitisha kwamba kolajeni ya zamani ni rahisi kuyeyuka. Na LOXL2 ina ndugu zake kwenye familia ile ile wanaofanya kazi hiyo hiyo.

Msomaji Kimya
Huwa nasoma tu ila uzi huu umenigusa. Kaka yangu alimpa mama yetu sehemu ya ini, upande wa kulia, karibu asilimia 60 ya ini lake. Mama yuko hai. Kaka alipopigwa picha baadae waliona ini limejaza nafasi, ila kama alivyosema Mdau mwanzoni, halina umbo la zamani, ni upande wa kushoto umekua mkubwa tu. Aliambiwa halikufika asilimia 100 ya lile la mwanzo, liko kwenye 80 na kitu, na linamtosha. Kilichonishangaza ni kile kipande kilichowekwa kwa mama nacho kikakua, ndani ya mwili wa mgonjwa. Kwahiyo Kichwa Ngumu hii habari sio ya kukuzwa, nimeiona kwa macho. Upandikizaji wa namna hii ulianza 1989 kule Australia, mama alimpa mtoto wake.

Labu Man
Mungu awazidishie afya wote wawili. Nirekebishe tarehe kidogo: wa kwanza kujaribu kwa mchangiaji aliye hai alikuwa daktari Silvano Raia, Brazil, 1988, ila mtoto hakupona. Brisbane 1989, timu ya Russell Strong, ndio wa kwanza kufanikiwa.

Msomaji Kimya
Daktari Raia wa Brazil anastahili kutajwa, sawa, lakini kwa sisi wenye wagonjwa wa kwanza ni yule aliyetoka hospitali na mtoto wake.

Pilipili Kavu
Hilo swali la ini kujua lisimame wapi ndio linaniumiza kichwa. Linajuaje limetosha? Nani analiambia?

Mdau wa Seli
Hakuna mwenye jibu kamili na nadhani ndio swali zuri kuliko yote kwenye fani hii. Vipande vya jibu vipo. Mwaka 1967 Moolten na Bucher waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili, mmoja amekatwa ini mwingine hajaguswa, na yule asiyeguswa ini lake nalo likaanza kutengeneza DNA. Maana yake kuna ishara inasafiri kwenye damu. Baadae wakapatikana wahusika wengi: protini za ishara kama HGF, IL-6 na TNF, serotonini ya chembe sahani, asidi za nyongo. Panya asiye na IL-6 anachelewa kuota. Asidi za nyongo zinavutia kwa sababu zinafanya kazi kama kipimo: ini likipungua, asidi zile zile zinapita kwenye ini dogo, kila seli inaona nyingi kuliko kawaida, inapata ishara ya kukua, ini likitosha kiwango kinashuka. Wengine wanasema ni mtiririko wa damu, damu ile ile kupita kwenye nafasi ndogo inavuta kuta za vimishipa na vinatoa ishara. Halafu kuna njia ya ishara iitwayo Hippo ndani ya seli, inayodhibiti ukuaji, panya wakizidishiwa protini ya YAP ini linakua mara kadhaa ya ukubwa wake wa kawaida halisimami, ukiizima linarudi.

Na kuna tukio la 1992 kule Pittsburgh, timu ya Starzl walimwekea mgonjwa ini la nyani. Mgonjwa aliishi siku 70. Katika muda huo ini la nyani likakua kuelekea saizi ya mwili wa mtu. Yaani ini halikufuata saizi ya nyani, lilifuata mwili uliolipokea.

Pilipili Kavu
Hiyo ya nyani nimeisoma mara tatu. Aisee.

Jicho la Tai
Mnazungusha mambo bure. Ini likijaa sumu linasafishwa. Kuna mizizi ya kuchemsha, unakunywa mwezi mmoja, kovu lote linatoka. Nimeona watu wamepona. Wazungu hawataki mjue.

Nesi wa Usiku
@Jicho la Tai naomba nikujibu kwa heshima maana hili linaua. Nimepokea mgonjwa aliyekuwa na ini lenye mafuta tu, kitu ambacho kingeweza kurudi kwa kupunguza uzito. Akapewa mchanganyiko wa mizizi na mtu aliyemhakikishia kama unavyotuhakikishia sisi. Alirudi kwetu manjano mpaka viganja, damu haigandi. Tulimpoteza. Kila kinachomezwa kinapita kwenye ini kwanza, na ini ndio linakivunja, mara nyingine kinachotoka baada ya kuvunjwa ni kibaya kuliko kilichoingia. Hata parasetamoli ya kawaida, kwa kipimo sahihi ni salama, ikizidi ini linaitengeneza kuwa sumu iitwayo NAPQI, glutathioni ya kuituliza inaisha, seli za katikati zinakufa kwa wingi. Sasa kama dawa tunayoijua kila kitu chake inaweza kufanya hivyo, ule mzizi ambao hakuna anayejua ndani kuna nini na kwa kipimo gani?

Jicho la Tai
Mzizi niliosema ni wa asili hauna kemikali.

Labu Man
Uyoga wa amanita nao ni wa asili na unamaliza ini ndani ya siku chache. Tuendelee na mada.

Kichwa Ngumu
Tuendelee. Ila Nesi umegusa kitu. Huyo wa parasetamoli akipona anabaki na kovu?

Nesi wa Usiku
Akiwahi kupata asetilsisteini, dawa ya kutuliza sumu hiyo, hasa ndani ya masaa nane toka ameze, karibu wote wanatoka salama. Hata waliochelewa wakiumwa sana, wakivuka ile wiki mbaya ini linarudi kawaida bila kovu la maana. Nusu ya ini inaweza kuwa imekufa na bado. Ndio uone tofauti ya jeraha la mara moja na la kila siku.

Kinyonga77
Na hiyo nayo imeongezewa sura mpya mwaka 2024. Watafiti wa Edinburgh waliangalia maini ya watu walioshindwa ini ghafla, seli moja moja, wakakuta kundi la hepatosaiti zinazohama, zenye alama ya ANXA2, zinatembea kwenda kuziba jeraha kabla hata ya kugawanyika. Tulizoea kufikiri kuota ni kugawanyika tu, kumbe kuna kufunga jeraha kwanza ili bakteria wa utumbo wasiingie.

Nirudi kwenye hoja yangu ya seli kuchoka. Wenzangu wote mmeikwepa.

Mdau wa Seli
Sijaikwepa nilikuwa naisubiri. Tuiweke hivi: tatizo la sirosisi ni mbegu au shamba? Wewe unasema mbegu. Kuna jaribio zuri sana la 2012 kwa panya wenye sirosisi ya mwisho kabisa. Walitoa hepatosaiti zao zilizokuwa hoi wakazipandikiza kwenye ini la panya asiye na kovu. Mwanzoni zilikuwa dhaifu. Baada ya kama miezi miwili zikaanza kufanya kazi vizuri na kuongezeka. Seli zile zile! Kwahiyo mbegu haikufa, shamba ndio lilikuwa baya. Halafu watu hao hao 2015 wakarudisha jeni moja tu, HNF4 alfa, kwenye seli za ini bovu bila kuondoa kovu, na panya wakapata nafuu.

Kinyonga77
Umejifunga mwenyewe mkuu. Sentensi yako ya mwisho inasema walirudisha jeni kwenye SELI, kovu likiwa pale pale, na ini likafanya kazi. Hiyo ni mbegu, sio shamba. Na zile zilizohamishwa zilihitaji miezi miwili, ingekuwa shamba peke yake zingeamka mara moja.

Labu Man
Mimi naona wote mna nusu. Seli zilikuwa zimezimwa na mazingira, ukibadilisha mazingira zinajiwasha taratibu, ukiziwasha kwa nguvu zinawaka ndani ya mazingira mabaya. Na tukumbuke hepatosaiti zina nguvu ya kutisha, mwaka 1997 zilihamishwa toka panya mmoja kwenda mwingine mfululizo, zikajigawa mara 69 au zaidi bila kupoteza kazi. Seli ya namna hiyo kusema imechoka, inahitaji ushahidi mzito.

Kinyonga77
Hao ni panya vijana wenye telomea ndefu kuliko za binadamu. Usiwachanganye.

Mdau wa Seli
Na mmesahau makrofeji nyote, mnagombania wawili wakati aliyeshika usukani ni wa tatu. Mwaka 2005 waliwatoa panya makrofeji wakati jeraha linaendelea, kovu likapungua. Wakawatoa wengine makrofeji wakati wa kupona, kovu likagoma kuondoka. Seli za jina moja, kazi mbili zinazopingana, kinachobadilika ni wakati. Ndio maana Edinburgh wamejaribu kuwarudishia wagonjwa wa sirosisi makrofeji zao wenyewe zilizokuzwa maabara. Matokeo ya awamu ya pili yalitoka 2023. Usalama ulikuwa mzuri, ila kile kipimo kikuu cha alama za MELD, zinazoonyesha ukali wa ugonjwa wa ini, hakikufikia tofauti waliyoitaka.

Mjukuu wa Bibi
Jamani mnaongelea panya na mimi nina mafuta kwenye ini, nimeambiwa F2. Kuna kitu cha kutumia au nisubiri maabara zenu?

Labu Man
F2 mkuu ni mahali pazuri pa kugeukia, ngazi ni F0 mpaka F4 na ya nne ndio sirosisi. Ushahidi mzuri wa mwanzo ni wa kupunguza uzito. Kuba walifuata wagonjwa 293 kwa mwaka mmoja, biopsi mwanzo na mwisho, waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, karibu nusu yao kovu lilirudi nyuma. Shida waliofika hiyo asilimia 10 walikuwa wachache. Dawa nazo zimeanza. Resmetirom ilikubaliwa Marekani Machi 2024 kwa F2 na F3, kovu lilipungua ngazi moja kwa kama asilimia 26 ya waliotumia kipimo kikubwa, wa plasebo 14. Semaglutide ikafuata Agosti 2025, karibu 37 kwa 22. Usinunue chochote kabla hujaongea na daktari wako.

Kichwa Ngumu
Subiri, plasebo 22? Yaani watu waliopewa dawa tupu kovu limepungua kwa mmoja kati ya watano?

Labu Man
Wengine wamebadilisha maisha kwa sababu wako kwenye utafiti. Wengine ni biopsi yenyewe. Kile kipande cha sindano ni kama sehemu moja ya elfu hamsini ya ini. Kovu halijasambaa sawasawa, leo umechoma penye kovu, mwakani umechoma pembeni yake.

Kichwa Ngumu
Basi hata zile 74 za Mama Wawili zinaweza kuwa sindano imechoma pembeni.

Mama Wawili
Kichwa Ngumu tafadhali.

Labu Man
Chache inawezekana. Wote 71 hapana, sindano ingekosea kwa pande zote mbili, tungeona na wengi walioongezeka.

Mjukuu wa Bibi
Asanteni, naanza na uzito. Na je kovu likishaondoka limeondoka, au linarudi?

Mdau wa Seli
Stelati zilizotengeneza kovu, nyingine zinajiua jeraha likiisha, ila mwaka 2012 makundi mawili tofauti yaligundua kwamba karibu nusu hazifi, zinarudi kulala. Na zikiamshwa tena zinaamka haraka kuliko ambazo hazijawahi kuamka. Kwahiyo mtu aliyepona kovu na mtu ambaye hajawahi kuwa nalo sio sawa hata kama biopsi zao zinafanana.

Mama Wawili
Hapo sasa mnanitisha tena. Mimi nikishashuka ngazi nitaendelea kupimwa ultrasaundi? Daktari anasema kila miezi sita na mimi nilidhani nitaacha.

Nesi wa Usiku
Usiache mama. Hatari ya saratani ya ini inashuka sana virusi vikidhibitiwa, lakini kwa aliyewahi kufika sirosisi haifiki sifuri, iwe B au C, hata yule aliyepona C kabisa kwa zile dawa mpya. Miezi sita ni miezi sita.

Kinyonga77
Na hapo mbegu inarudi mezani. Kwanini saratani inabaki wakati shamba limepona? Kwa sababu zile seli zilizohimili miaka ya jeraha zimebeba mabadiliko ya jeni. Toka 2019 watu wamesoma jeni za vinundu vya sirosisi kimoja kimoja na kukuta makundi makubwa yametoka kwa seli moja yenye mabadiliko yake. Na kuna utafiti wa mwaka huo huo ulioonyesha baadhi ya mabadiliko hayo hayasababishi saratani, yanaisaidia seli kuvumilia jeraha na kuota vizuri zaidi. Mdau, niambie hayo ni shamba au mbegu.

Mdau wa Seli
Shamba baya ndio lililochagua mbegu hizo. Bila miaka ishirini ya jeraha usingeziona. Nitarudi usiku na ile ya seli za ukanda wa kati za 2021, maana hata hatujagusa kuota kunaanzia wapi ndani ya ini.

Kinyonga77
Njoo nayo. Na usisahau ile ya 2017 ya mirija ya nyongo, panya waliozuiwa hepatosaiti zao zisigawanyike, seli za mirija zikageuka kuwa hepatosaiti. Kama mbegu za kawaida hazikuwa zimekwama, akiba ingeitwa ya nini?